Godoro la Pumba

Generosa alikuwa mwanamke wa kufagia. Wako wanawake wa kuimba, wako wa kupika, wako wa kusema watu. Yeye alikuwa wa kufagia. Uwanja wake pale kijijini, upande wa Bukombe karibu na njia ya Ushirombo, ulikuwa na michirizi ya ufagio asubuhi na jioni, na kuku aliyethubutu kuikanyaga alikiona cha moto. Jirani yake, Tereza, alimtania kwamba siku ya kufa ataomba kwanza kaburi lipigwe deki. Generosa alicheka, kisha akainama akaendelea. Watu wote walimwita Mama Januari, ingawa Januari mwenyewe alikuwa amelala makaburini miaka mingi, na huko nako mama yake alikuwa anakwenda kumfagilia.

Ni huyo Januari aliyemfundisha woga. Lakini habari yenyewe inaanzia kwa baba yake.

Valerian, mumewe, alikuwa mtu wa migodini. Ujana wake aliumalizia chini ya ardhi katika mgodi mkubwa wa Geita, akitoboa mwamba, mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1966 na wanaume wakarudi makwao na mabuti mazito ambayo hayakuwa na kazi tena. Wengi walishika jembe. Valerian naye alilishika msimu mmoja, likamchosha, akaenda zake Nyarugusu kuchimba kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Siku hizo kuchimba bila kibali lilikuwa kosa, kwa hiyo mawe yalisafirishwa kimyakimya ndani ya magunia ya mihogo na kutwangwa nyumbani.

Kutwanga kwenyewe kulikuwa hivi. Jiwe jeupe linapondwa kwa nyundo mpaka liwe kokoto, kokoto zinatiwa katika kinu cha chuma, zinatwangwa kwa mchi wa chuma mpaka ziwe unga laini kabisa, na unga huo ndio unaooshwa kwenye karai ili dhahabu ibaki chini. Mtu mwenye akili zake angetwangia nje. Lakini nje kuna macho ya watu, na nje kuna upepo, na upepo ukipeperusha unga umepeperusha dhahabu. Basi wakafunga mlango, wakafunga dirisha, na upenyo wa chini ya mlango wakauziba kwa gunia. Walikuwa wapya katika ndoa na kila kitu kiliwachekesha. Walipotoka mle ndani wote wawili nyusi na kope zilikuwa nyeupe. "Umezeeka ghafla, mke wangu," Valerian alisema, na Generosa akamjibu kwamba na yeye ajitazame, amekuwa babu.

Generosa aliposhika mimba, mumewe alimkataza kuingia tena chumba cha kutwangia. Valerian akatwanga peke yake, miaka nenda miaka rudi, mlango umefungwa. Dhahabu aliyoipata ilitosha kuezeka nyumba kwa bati na kununua ng'ombe wachache, na hapo ikakoma. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kufanya hesabu ya kile ambacho yeye alitoa.

Mwaka wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa na kupangwa kando ya barabara, ndipo Valerian alipoanza kukohoa kohozi zito na kukonda. Hospitali ikasema ni kifua kikuu. Akachomwa sindano mpaka makalio yakawa magumu, akameza vidonge, akapona. Lakini Januari, ambaye alikuwa analala katikati ya baba na mama, alikuwa amekwisha kukipata, na yeye mwili wake mdogo haukusubiri dawa. Alizikwa kabla ya mavuno.

Muuguzi alikuwa amewaambia: mgonjwa akiwa bado anakohoa, vyombo vyake viwe mbali, alale mbali, watoto wasimkaribie. Baadaye daktari aliwaambia kwamba Valerian amepona, arudi akaishi na watu wake. Neno la muuguzi Generosa alilishika. La daktari alilisikia tu. Mama aliyezika mtoto haambiwi kirahisi kwamba hatari imekwisha, na mimi siwezi kumlaumu.

Wakapata mtoto mwingine, Mektilda, na kwa muda nyumba ikawa nyumba. Kisha, mwaka ule vita vya Kagera vilipokwisha na kijiji kizima kinashangilia, Valerian alikohoa shambani akatema damu juu ya majani ya viazi.

"Kimerudi," Generosa alisema.

Hakuna aliyebisha. Zahanati nayo haikubisha. Ikamwanzishia sindano upya, na sindano hazikusaidia kitu. Mektilda alikuwa na miaka mitatu. Siku hiyohiyo Generosa alimhamishia mumewe katika kijumba cha nyuma kilichokuwa ghala la mpunga, chenye paa la nyasi na kuta za udongo. Asije mtu akasema alimtupa. Alikifagia, akakisiliba, akamtengenezea kitanda cha miti. Akashona magunia mawili yakawa godoro, akalijaza pumba za mpunga, na kila mavuno alilifumua, akakung'uta zilizochakaa na kujaza nyingine kutoka kwenye lundo la pumba nyuma ya mashine ya kukobolea. Pumba hizo zilikuwa zimenyeshewa na kukauka, zikanyeshewa tena. Zilikuwa na harufu ya uvundo na zilitoa vumbi la kijivu ukizishika, lakini zilikuwa laini, na paa likivuja juu ya kitanda Generosa alilitoa godoro juani, akalipiga kwa fimbo mpaka likaumuka. Wanawake wenzake walimsifu. Tereza alisema angekuwa na mume mgonjwa, angemlaza kwenye mkeka na kumwambia ashukuru.

Bakuli la Valerian lilikuwa la bati la bluu, lina ua ubavuni, na halikuoshwa pamoja na mengine. Chakula kiliwekwa juu ya jiwe nje ya mlango wake. Naye Mektilda alifundishwa somo moja kabla hajajua hata Baba Yetu: ukipita mlangoni kwa baba, bana pumzi.

Mtoto alilipenda hilo kama mchezo. Alivuta hewa, akatunisha mashavu, akapita mbio mbele ya ghala mpaka kwenye mti wa mpapai, akapumua kwa kishindo. "Nimeweza, mama!" Na Generosa alimwitikia kutoka jikoni, "Vizuri, mayu," kama Wasukuma wanavyomwita mtoto wa kike kwa mapenzi. Valerian aliketi mlangoni akitazama mashavu hayo yakipita. Mwanzoni alicheka na yeye.

Alikuwa na ombi moja tu, na alilirudia kila sikukuu. Katika nyumba za kule, binti humletea baba yake maji ya kunawa kabla ya kula. Hupiga magoti, humimina polepole, na baba hunawa mikono na kumbariki. Valerian alitaka Mektilda amnawishe.

"Siku moja tu, Mama Januari. Hata asipoketi. Amimine, aondoke."

"Ukipona," Generosa alimjibu.

"Nisipopona?"

"Nimeshazika mmoja, Baba Januari. Usiniombe hilo."

Na Valerian hakuomba tena mpaka sikukuu iliyofuata.

Mwaka 1983 damu ilimtoka ikajaza kikombe, na Generosa akaamua kwamba liwalo na liwe, watakwenda kwenye hospitali kubwa yenye mashine ya picha. Walimwacha Mektilda kwa Tereza. Walipofika Kahama walilala mtaa wa Nyahanga kwa ndugu, yaani Generosa alilala ndani na Valerian akalala barazani, kwa sababu habari za kifua chake zilikuwa zimetangulia. Kesho yake wakapanda basi la mbali.

Daktari waliyemkuta hospitalini aliitwa Onesmo. Alikuwa kijana mno, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumwamkia mgonjwa: "Shikamoo, mzee." Valerian alichelewa kuitikia. Watu wengi walikuwa wameacha kumsogelea kiasi cha kumwamkia. Alipigwa picha ya kifua amesimama, akapigwa tena amelala ubavu. Kohozi lake lilipimwa mara kadhaa. Kisha daktari akawaita wote wawili, akaweka picha mbele ya taa.

"Mzee, hiki si kifua kikuu. Kifua kikuu chako kilipona zamani, kama ulivyoambiwa. Ila kiliacha shimo hapa juu. Unaliona? Na ndani ya shimo kuna donge hili jeupe. Ulipolala ubavu, donge lilihama. Halijashikamana na kitu. Ni ukungu."

"Ukungu upi?" Generosa aliuliza.

"Huuhuu wa mahindi yaliyolowana, mama. Umeota ndani ya pafu lake."

Generosa alifikiri anafanyiwa mzaha. Daktari aliona uso wake, akavuta kiti, akauliza kama kijijini kwao kuna walinzi wa sungusungu.

"Wapo," Valerian alisema. "Tangu mwaka jana. Wezi wa ng'ombe wamehama."

"Basi na mapafu yana sungusungu wake. Mbegu za ukungu ni vumbi tu, hazionekani, na kila mtu anazivuta: mimi, mama hapa, mtoto mchanga. Kule mwisho wa pafu, kwenye vifuko vidogo vya hewa, kuna chembe hai zinazotambaa zikilinda. Chembe ya namna hiyo ikikutana na mbegu ya ukungu inaizunguka, inaimeza, na kuiyeyusha tumboni mwake. Mbegu zikiwa nyingi, au moja ikiwahi kuchipua nyuzi, walinzi hawa wanapiga yowe, na wenzao wanakuja mbio kutoka kwenye damu, wanauzingira uzi ule na kuumwagia sumu. Hayo yanafanyika kifuani mwako kila siku nawe huna habari."

"Sasa wangu walikwenda wapi?" Valerian aliuliza.

Daktari alimwuliza kazi aliyofanya ujanani, na Valerian akamweleza habari za Geita, za Nyarugusu, na za kinu. Alimweleza na ule mlango uliofungwa.

"Vumbi la mawe," daktari alisema. "Hao walinzi hawajui kuchagua, mzee. Kila kinachoingia wanakimeza. Ukungu wanauyeyusha. Jiwe haliyeyuki. Mlinzi akimeza unga wa jiwe unamchana tumbo, anakufa, unga unamwagika, mwenzake anakuja kuumeza uleule, na yeye anakufa. Miaka yote hiyo umewaua walinzi wako. Halafu kifua kikuu kikaacha shimo ambalo damu haifiki, na pasipofika damu, hata wale wa kuja mbio hawafiki. Ukungu ulikuta nyumba haina mtu."

Valerian akauliza lile ambalo miaka yote lilikuwa linamsumbua. "Ninaambukiza?"

"Hapana."

"Hata mtoto?" Generosa alidakia.

"Hata mtoto. Hata akilala kifuani pake. Ukungu huu hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu."

Hapo Generosa alitaka kufurahi na akashindwa kujua pa kuanzia. Alimwona mumewe amefunika uso kwa viganja. Generosa alikuwa anahesabu moyoni sikukuu zote alizomkatalia, ndipo akamsikia daktari akiuliza, akiandika huku, "Na nyumbani mzee analala wapi? Pakavu?"

Generosa alijibu upesi, kwa fahari, kama mwanafunzi anayejua. Alieleza ghala lake safi, kitanda cha miti, na godoro la pumba analolijaza upya kila mavuno kwa mkono wake mwenyewe, na anavyolianika na kulipiga likinyeshewa.

Kalamu ya daktari ilisimama.

"Mama," alisema taratibu, "godoro hilo mkalichome moto."

"Kwa nini?"

Hakutaka kusema, ilionekana wazi. Lakini alikuwa kijana na hakuwa amejifunza kudanganya. "Pumba zilizolowana ni shamba la ukungu. Ule uvundo, lile vumbi la kijivu, ndizo mbegu zenyewe. Siwezi kusema zilizomwotea zilitoka wapi, maana ziko kila mahali. Ila mle alikuwa anazivuta nyingi sana, kila alipogeuka."

Valerian akafunua uso wake. "Si godoro, daktari," alisema. "Ni mawe. Umesema mwenyewe, ni mawe."

"Ni mawe, mzee," daktari akakubali.

Generosa aliinua kichwa, akauliza habari ya dawa. Daktari alisema dawa zilizopo hazifiki ndani ya shimo, kwa sababu dawa husafiri na damu. Kulikata pafu hilo kusingewezekana, kwa sababu la pili lilikuwa limejaa mawe na lisingeweza kubeba mwili peke yake. Alimpa kitu cha kutuliza kikohozi. Aliwaambia kwamba damu itarudi, na siku moja itakuwa nyingi.

Njia nzima ya kurudi Valerian alikuwa akisema neno hilohilo, basi linaporuka kwenye mashimo na linaposimama stendi. "Ni mawe, Mama Januari. Unasikia? Ni mawe." Generosa aliitikia kwa kichwa. Alisikia. Lakini mikono yake ilikumbuka vumbi la kijivu likipaa juani kila alipolipiga godoro lile, na yeye akijisifu kimoyomoyo, na mumewe ameketi hatua chache upande upepo unakoelekea.

Walipofika nyumbani hakupumzika. Alilikokota godoro nyuma ya choo, akalichoma. Pumba mbichi haziwaki vizuri. Zilifuka moshi mzito hadi jioni. Akafagia nyumba kubwa, akatandika kitanda chao cha zamani, akapika wali na kuku, akamwambia Mektilda kwamba baba amepona kile kifua kibaya, haambukizi mtu, na leo anakula ndani. Mtoto alisikiliza na kusema, "Ndiyo, mama." Alikuwa na miaka saba, ana adabu nzuri.

Valerian aliingia nyumbani mwake kama mgeni. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Aliketi kwenye kigoda, akatazama kuta, akatazama picha ya Bikira Maria ambayo alikuwa ameigongomea mwenyewe. Sinia liliwekwa mbele yake. Generosa akampa Mektilda jagi na beseni.

"Kamnawishe baba, mayu."

Mektilda alikwenda. Alipiga magoti vizuri kama alivyofundishwa, akaweka beseni chini, akanyoosha jagi mbele kwa urefu wote wa mikono yake. Valerian akatoa mikono. Maji yakaanza kushuka, na Valerian akainua macho amtazame bintiye usoni kwa karibu, mara ya kwanza tangu akiwa mtoto wa kubebwa.

Mashavu ya Mektilda yalikuwa yametuna. Macho yalimtoka, midomo ameikaza, na uso unaanza kuiva. Alikuwa amebana pumzi tangu mlangoni. Jagi lilianza kuyumba na maji yakamwagika nje ya beseni, lakini hakupumua.

Valerian akairudisha mikono yake haraka, hata haijalowa sawasawa.

"Asante, mama," alimwambia mtoto. "Imetosha. Nenda."

Mektilda alikimbia mpaka kwenye mpapai. Walimsikia akipumua kule nje. Generosa alisimama kumfuata, amkemee, amrudishe, lakini mumewe akamshika gauni.

"Usimpige. Ulimfundisha vizuri." Hakulisema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomchoma Generosa zaidi. Valerian alikwenda jikoni mwenyewe, akalitafuta bakuli lake la bluu, akajipakulia wali, akatoka nalo kuelekea ghalani. "Mwite aje ale," alisema mlangoni. "Nikiwa humu hatakula."

Walijaribu siku nyingine, kwa maneno matamu, kwa vitisho, mpaka kwa pipi. Mtoto alitii kila kitu alichoambiwa isipokuwa kupumua. Mwishowe Valerian akasema wamwache, na kitanda kilichotandikwa nyumba kubwa kikabaki kimetandikwa. Alirudi kulala ghalani juu ya mkeka. Generosa akamfuata na mkeka wake, akalala pembeni yake, uso kwa uso, akiivuta hewa ileile, na alikuwa anaivuta kwa nguvu kana kwamba angeweza kulimaliza yeye vumbi lote la ukungu, mumewe asilivute. Hakufagia tena. Kuku walitembea uwanjani walivyotaka, na Tereza aliyaona hayo, akakosa utani.

Damu nyingi ilikuja asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Haikuchukua muda. Generosa alikuwa amemkumbatia, na gauni lake alilizika pamoja naye kwa sababu hakuweza kulifua.

Kijiji kilikuja, kama vijiji vinavyokuja. Walisimama mbali kidogo na jeneza. Generosa alikuwa amewaambia wote alichosema daktari, nao walikuwa wameitikia kwa upole na kuendelea kusimama mbali. Katekista alisali. Ndugu wakatupia udongo, kisha akaitwa mtoto.

Mektilda alienda mpaka ukingoni mwa kaburi, mdogo, na gauni la kuazima. Alichota udongo kwa mkono mmoja. Kabla hajainama alivuta hewa kubwa, mashavu yakatuna. Akautupa udongo, akasikiliza ukianguka juu ya mbao, akageuka akakimbia kati ya miguu ya watu mpaka kwa mama yake. Hapo ndipo alipoiachia pumzi. Alikuwa anahema, amechoka, macho yana machozi. Akamwinulia uso akisubiri.

"Nimeweza, mama," alinong'ona.

Generosa alimwangalia.

"Vizuri, mayu," alisema, kwa sababu mtoto alikuwa anasubiri.